Mwanamke Aliyetoka Pamoja na Waliotoka

 

Katika darsa yetu ya Alkhamisi usiku tuliletewa kikaratasi kutoka nyuma ya pazia, upande wanaoketi wanawake. Mwenye kukileta alikuwa mtoto wa chuoni, na mwenye kukiandika ni mama mmoja mtu mzima ambaye jina lake hatulitaji, ingawa ametupa idhini ya kulitaja suala lake. Aliandika kwamba binti yake aliolewa, na baada ya miezi michache mumewe alimwambia kuwa nchi hii si ya kukaa Mwislamu, wakavuka mpaka wakaingia Somalia. Sasa amerudi peke yake na mtoto mchanga. Majirani hawamwamkii, wala hawaendi kumpa pole wala hongera. Mama auliza: "Je, dhambi hii ni ya binti yangu, au ni ya mumewe aliyemchukua?"

Kabla hatujafunua mdomo, wanaume wa mbele walikwisha kujibu. Mmoja alisema mwanamke hana lake, yeye ni mfuasi wa mumewe na mzigo wote ni wa mume. Wa pili alisema, hasha, asili ya kila fitina ni mwanamke, na huenda yeye ndiye aliyemtia mumewe maneno. Wakabishana hata ikasomwa adhana ya Isha. Sisi tuliomba muhula, kwa kuwa majibu yote mawili yalitutia wasiwasi, na wasiwasi wetu ulizidi tulipotambua kwamba wabishani wale, pamoja na ukali wao, walikuwa wameafikiana katika jambo moja wasilolijua: hapana hata mmoja aliyeona haja ya kumuuliza binti mwenyewe.

Yataka kwanza tueleze maana ya kujitenga tunakokusudia. Kuna kujitenga na jamaa ya Waislamu, nako ni watu wachache kujiona kuwa wao ndio dini na waliobaki wote ni wapotevu, wakatoka wakajiwekea amiri na hukumu zao. Na kuna kujitenga kwa nchi, nako ni watu wa jimbo fulani kusema kwamba hawataki kutawaliwa na dola fulani, na wakaifanya dini kuwa mojawapo ya hoja zao. Mambo haya mawili si mamoja, wala hukumu yake si moja. Wa pili huenda wakawa na dhulma ya kweli ya kuilalamikia, na wa kwanza aghlabu hujitungia. Lakini katika khabari ya wanawake, yote mawili hufanana mno, ndiyo maana tumeyakusanya.

Waliotangulia katika kujitenga kwa namna ya kwanza ni Khawarij, waliotoka katika jeshi la Sayyidna Ali (r.a.) baada ya vita vya Siffin. (Wasomaji wetu watambue kwamba hapa hatuwakusudii ndugu zetu Maibadhi tunaoishi nao mwambao huu tangu mababu. Wao wenyewe hulikataa jina hilo, na waliyoyafanya kina Azraqi si madhehebu yao.) Wanahistoria husimulia kwamba palikuwa na mwanamke mjini Kufa, jina lake Qatami, ambaye babake na nduguye waliuawa Nahrawani mwaka 38 wa Hijra. Ibn Muljam alipomposa, alimtajia mahari ya dirhamu elfu tatu na watumwa, na juu ya hayo auawe Ali. Mwaka 40, mwezi wa Ramadhani, likawa lililokuwa. Tazameni sasa jinsi watu wanavyoisimulia khabari hii mpaka leo. Upanga ulikuwa mkononi mwa mwanamume, na alikuja Kufa kutoka Makka akiwa amekwisha azimia na wenziwe kuua, lakini ulimi wa msimulizi humkimbilia mwanamke. Na pale mwanamke anaposhika upanga kwa mkono wake, ulimi uo huo husema: alitumwa na mwanamume. Hivyo huwi na hakika ya lolote ila kwamba hapana aliyemuuliza.

Na aliyeushika upanga kwa mkono wake alikuwapo. Ghazala, mke wa Shabib bin Yazid (na wengine husema ni mamake), aliingia Kufa pamoja na watu wa Shabib mwaka 77 wa Hijra, katika enzi ya Hajjaj bin Yusuf, ili atimize nadhiri yake ya kuswali rakaa mbili katika msikiti wa mji ule. Aliziswali kwa sura mbili ndefu baada ya Alfatiha, na Hajjaj aliyetetemesha Iraki nzima alikuwa amejifungia katika kasri yake. Washairi walimcheka Hajjaj miaka mingi kwa jambo hilo. Imamu Abdulqahir al-Baghdadi, katika kitabu chake cha kuzieleza firqa, aliwatolea Khawarij hoja kali: nyinyi mlimlaumu Bibi Aisha (r.a.) kwa kutoka kwenda Basra, naye ni Mama wa Waumini na alikuwa pamoja na maharimu zake, mkamsomea aya ya kukaa majumbani, vipi basi mkamhalalishia Ghazala na wanawake waliokuwa naye kutoka katika vita?

Hoja hii ni ya nguvu, na maana yake yatufaa zaidi ya ugomvi wa zamani. Yaonyesha kwamba watu wanaojitenga kwa jina la dini huifunga na kuifungua hukumu ya mwanamke kwa kadiri ya haja yao. Siku wanapomhitaji abebe silaha, apeleke barua, apike, atibu, alie mbele ya watu ili wanaume waone haya, basi kutoka kwake huwa ni jihadi. Siku haja inapokwisha, aya ya kukaa nyumbani hurejeshwa. Aya haikubadilika, na wala sisi hatusemi ibadilike. Waliobadilika ni wenye kuisoma.

Mfano ulio wazi kabisa twaupata mbali kidogo, katika nchi ya Aceh, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra. Watu wake ni Mashafii kama sisi, na bahari inayopiga ufukweni kwao ndiyo hii inayopiga Shela na Malindi. Masharifu na wanavyuoni wa Hadhramaut waliofika Lamu, ndugu zao walifika Aceh. Sheikh Nuruddin ar-Raniri aliyefundisha huko katika karne ya kumi na saba ya Kizungu alikuwa na asili ya Hadhramaut. Na Sheikh Abdurrauf wa Singkil alisoma Makka na Madina kiasi cha miaka kumi na tisa, kisha akarejea kwao akaandika kitabu cha fiqhi ya Kishafii kwa amri ya mtawala wa nchi, na mtawala huyo alikuwa mwanamke, Sultana Taj al-Alam Safiyatuddin. Wanawake wanne walifuatana katika kiti cha Aceh kuanzia 1641 hata 1699. Yasemekana kilichoukomesha utawala wao ni fatwa iliyoletwa kutoka Makka. Hatuingii hapa katika khilafu ya uongozi wa mwanamke, kwani ni mlango mwingine. Twataka msomaji ajue tu kwamba tunazungumza juu ya watu wa dini na elimu, wala si washenzi wa porini.

Wenyeji wa Aceh husimulia pia khabari za Malahayati, aliyekuwa amiri wa jeshi la bahari mwisho wa karne ya kumi na sita, na jeshi lake lilikuwa la wajane waliofiwa na waume zao vitani. Waliitwa Inong Balee, maana yake ni wanawake wajane. Mwaka 1599 Mholanzi Cornelis de Houtman aliuawa huko, na wao husema aliuawa na Malahayati mwenyewe. Walipokuja Waholanzi tena mwaka 1873 kuivamia nchi, vita vilidumu miaka mingi, na humo akatokea Cut Nyak Dhien. Mumewe wa kwanza aliuawa 1878. Akaolewa na Teuku Umar, naye akauawa 1899. Yeye akaingia msituni akaongoza watu mpaka macho yakaingia kiza na viungo vikamuuma, hata mmoja katika wafuasi wake akamhurumia, akaenda kuwaonyesha Waholanzi alipo kwa sharti asidhuriwe. Akahamishiwa Sumedang katika kisiwa cha Java, akafa huko mwaka 1908. Watu wa Sumedang hawakumjua ni nani. Walimjua tu kuwa ni bibi kizee ajuaye Kurani, wakampelekea wanawake na watoto awasomeshe. Ilipita nusu karne ndipo kaburi lake likatambuliwa, na mwaka 1964 serikali ya Indonesia ikamtangaza kuwa shujaa wa taifa.

Hao walikuwa wakiilinda nchi yao iliyo huru, kwa hiyo hawamo katika kujitenga. Kujitenga kulikuja baadaye. Mwaka 1953 Daud Beureu'eh, mwanachuoni wa Aceh, aliasi serikali ya Jakarta kwa sababu mkoa wao uliunganishwa na mkoa mwingine na ahadi za sharia hazikutimizwa. Uasi huo ulikwisha 1962. Kisha tarehe 4 Desemba 1976 Hasan di Tiro alitangaza harakati ya Aceh Huru, inayojulikana kwa jina la GAM. Harakati hii haikuwa ya dini tupu. Ilidai usultani wa kale na mali ya gesi na mafuta yaliyokuwa yakichukuliwa, lakini kiapo chake na lugha yake vilikuwa vya Kiislamu, na wanavijiji waliipokea hivyo. Kuanzia 1989 hadi 1998 jimbo zima liliwekwa chini ya askari, na madhila waliyoyapata watu, wanaume kwa wanawake, ni ya kuliza.

Wanawake wa GAM walilichukua jina lile la kale, Inong Balee. Wengine walikuwa wajane kweli, wengine mabinti wa waliouawa, na wengine hawakufiwa na mtu bali waliamini. Waliohojiwa baada ya vita walieleza kila mmoja sababu yake. Kuna waliofundishwa bunduki. Na wengi zaidi walibeba chakula, khabari na dawa kupita vizuizi vya askari, na aliyekamatwa katika kazi hiyo alipata adhabu ileile ya mwenye bunduki, na pengine zaidi kwa kuwa ni mwanamke.

Baada ya tufani ya bahari ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoua watu zaidi ya laki moja na nusu katika Aceh peke yake, pande mbili zilichoka. Tarehe 15 Agosti 2005 zikatia saini mkataba mjini Helsinki, msuluhishi akiwa Martti Ahtisaari aliyekuwa raisi wa Finland. Katika mkataba ule GAM ilitakiwa iwaondoe wapiganaji 3,000 na itoe silaha 840, na wapiganaji hao wapewe msaada wa kuanzia maisha. Orodha ya watu 3,000 ilipotengenezwa, Inong Balee hawakuwamo. Viongozi wao waliwahisabu kuwa ni wake, ni madada, ni wasaidizi. Askari aliyewapiga gerezani aliwahisabu kuwa ni waasi kamili. Kamanda waliyemficha chini ya kuni za jikoni hakuwahisabu kuwa ni chochote.

Na zaidi ya hayo. Sheria za dini ambazo Jakarta ilikwisha anza kuipa Aceh tangu 1999, ili kuwapoza watu, ziliendelea kuongezwa baada ya amani. Mwezi wa Januari 2013 wakuu wa mji wa Lhokseumawe walitoa amri kwamba mwanamke aliyepakiwa nyuma ya pikipiki asikae kwa kutanua miguu, bali akae upande. Sisi si wenye kudharau adabu za kukaa. Lakini tulipoisoma khabari hiyo tuliwafikiria wanawake wa mji ule na vijiji vyake, waliopita misituni usiku na magunia ya mchele vichwani, na hapana aliyewauliza wakati ule wamekaaje.

Msomaji atasema: mmewahurumia wanawake hawa, basi mwasema hawana hatia? La. Hapo ndipo palipo na fundo la maneno yetu. Anayesema "mwanamke hufuata tu" adhani amemtetea, na kumbe amemwondoa katika jamii ya wanaokalifishwa, akamweka pamoja na mtoto na mwendawazimu. Na ukikwisha kumwambia kwamba hana dhambi kwa kuwa hana lake, huwezi kumpa haki, maana haki pia hupewa mwenye lake. Orodha ya Helsinki na jibu la yule ndugu wa mbele katika darsa yetu ni kitu kimoja.

Dini yetu haikuchukua njia hiyo. Mwenyezi Mungu amempiga mfano mke wa Firauni, aliyekuwa chini ya mwanamume mwovu kuliko wote akaokoka. Na amewapiga mfano wake wa Nuhu na Lut, waliokuwa chini ya Mitume na wasifaliwe na waume zao kitu. Katika baia ya Aqaba ya pili walikuwapo wanawake wawili, Nusayba binti Kaab na Asmaa binti Amr, wakaahidi wao wenyewe. Na baada ya mapatano ya Hudaybiya, wanawake walipokuwa wakikimbia Makka kwenda Madina, akiwamo Ummu Kulthum binti Uqba aliyewaacha jamaa zake, iliteremka amri kwamba wanawake hao wajaribiwe. Na wafasiri wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas namna ya jaribio hilo: waliapishwa kwamba hawakutoka kwa kumchukia mume, wala kwa kupenda kuhama nchi hadi nchi, wala kwa kutaka dunia, wala hawakutoka ila kwa mapenzi ya Mungu na Mtume wake. Maana yake waliulizwa. Hawakuambiwa "mumeo yuko wapi atusemee", wala hawakurejeshwa kwa kuwa ni wanawake, wala hawakupokelewa kwa kuwa ni wanawake. Mwanamke aliyetoka aliulizwa kwa nini ametoka, na jawabu lake likawa na uzito wa kisharia.

Kwa mizani hiyo hatia zitakuwa tafauti. Aliyelazimishwa kwa kutishwa roho yake si sawa na aliyekwenda kwa radhi. Lakini hata mlazimishwaji, wanavyuoni wamekataza asiue nafsi isiyo na makosa ili aiokoe yake. Aliyefiwa, tunamfahamu, na majonzi yana nguvu, ila majonzi hayahalalishi. Mwezi wa Oktoba 2002 Wachechenya waliotaka kujitenga na Urusi waliliteka jumba la michezo mjini Moscow pamoja na mamia ya watazamaji. Katika watekaji wapatao arubaini, kumi na tisa walikuwa wanawake. Magazeti yaliwapa jina la "wajane weusi", na si wote waliokuwa wajane. Zaidi ya watu 120 katika mateka walikufa, walio wengi kwa gesi iliyopulizwa na askari waliokuja kuwaokoa, na watekaji wakauawa wote, wanaume kwa wanawake. Mwanamke aliyejifunga baruti akakaa kati ya watoto na wazee waliokuja kutazama mchezo amefanya uovu mkubwa, na machozi yake hayamtoi humo. Lakini jina la wajane weusi ni uvivu wa akili. Linamfanya mwanamke kuwa kidonda kinachotembea, kana kwamba haiwezekani awe amesikia hoja, akaipima, akaikubali, akakosea. Na kwa kuwa wote wameuawa, hatutapata kusikia nani alitishwa, nani alidanganywa na nani alikuja kwa miguu yake.

Hapa kwetu pia, mwezi wa Septemba 2016 wanawake watatu waliuawa katika kituo kikuu cha polisi cha Mombasa, na polisi wakasema walikuja kushambulia. Twakumbuka barazani siku zile. Kila mtu alikuwa na khabari zao: wengine wakasema walitumwa, wengine wakasema wamelogwa, na wengine wakasema haikuwa hivyo hata kidogo. Vilevile mwaka 2015 Serikali ilipotangaza msamaha kwa vijana waliokwenda Somalia watakaorejea na kujitokeza, sote tuliposikia neno vijana tuliwafikiria wavulana. Hata sisi tunaoandika haya tuliwafikiria wavulana. Tulihutubu Ijumaa nzima juu ya wana wetu, wala halikutupitia wazo la binti.

Sasa tuje kwenye upande wetu, nao si mwepisi kuuandika. Tulimtuma mama aliyeuliza amwulize bintiye, kwa hiari yake, ni nini kilichomfanya akubali. Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema mumewe alimwambia kule atasoma, na atafundisha watoto wa kike. Alisema huku alikuwa amehitimu chuo akiwa na miaka kumi na mbili, na tangu hapo hakupata mahali pa kusoma tena, kwa kuwa darsa zote zenye vitabu ni za wanaume, na pazia la wanawake katika msikiti wa mtaani kwao lilikuwa limegeuzwa pahala pa kuwekea mikeka na majeneza. Alipokuwa na masuala alimpa kakake amwulizie, na kakake alisahau.

Hatusemi hili ni udhuru kamili. Alijua kwamba anaondoka bila ya radhi ya wazee wake, na alijua mumewe anakwenda kwa watu gani, na hayo mawili ni yake. Naye, kwa tulivyoelezwa, hakuyakataa. Lakini Imamu Ghazali katika Ihyaa ameandika, katika adabu za ndoa, kwamba mume asipomfundisha mkewe yaliyo wajibu wala asimwulizie wanavyuoni, mke ana haki ya kutoka kuuliza, na mume akimzuia ameasi. Ikiwa mume mmoja huasi kwa kumzuia mke mmoja, itakuwaje hali ya mji mzima? Wenye harakati wale hawakuja na kitu kigeni. Walikuja na kitu tulichokuwa nacho sisi tukakifungia: kitabu, na mtu wa kukufundisha, na kazi ya kufanya kwa ajili ya Mungu. Wao walikitia sumu, na sisi tulikinyima. Na mwenye kiu huenda penye maji. Baadhi ya wenzetu katika kamati ya darsa hawakulipenda neno hili lilipopendekezwa kuchapwa. Walisema litawafurahisha maadui. Tumelichapa.

Kwa jamii iliyotaka kuona mfano wa kufanya vinginevyo, iko Mindanao, kusini mwa Ufilipino, ambako Waislamu wa Moro walipigana kujitenga kwa miaka mingi. Tarehe 27 Machi 2014 walipotia saini mkataba wao na serikali, mkuu wa wajumbe wa serikali alikuwa mwanamke, Miriam Coronel-Ferrer, na upande wa Wamoro pia wanasheria wa kike walikaa katika kazi ya mkataba. Hatusemi kwamba mambo ya huko yametengenea yote. Twasema tu kwamba amani haikuvunjika kwa kuwa wanawake wamesikilizwa.

Tulimjibu mama hivi. Dhambi ya binti yako ni yake kwa kadiri aliyojua na aliyoweza, na dhambi ya mumewe ni ya mumewe, wala hazibadilishwi kama mitungi. Toba yake ni yake pia, nayo haihitaji kupitia kwa mtu. Ikiwa kuna aliyemdhulumu au mali aliyoichukua, airejeshe. Ama majirani wasiomwamkia, hao wana suala lao wenyewe la kujibu, kwani mtu aliyerudi hufunguliwa mlango ili asirudi alikotoka.

Alkhamisi iliyofuata kikaratasi kilikuja tena, na mwandiko wake haukuwa ule wa kwanza. Kiliandikwa: "Mume wangu sijui yu hai au amekufa. Aliondoka usiku na wenziwe, na sasa ni mwaka wa pili. Je, mimi ni mke au ni mjane? Na mtoto huyu nimlee kwa mali ya nani?" Mara hii wanaume wa mbele walinyamaza. Tulieleza, tukielekeza uso wetu upande wa pazia, kwamba katika kauli ya Imamu Shafii ya mwisho mke wa mtu aliyepotea hungoja mpaka ipatikane yakini ya kufa au ya talaka, na katika kauli yake ya kale hungoja miaka minne kisha hukaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi; na kwamba uko mlango wa tatu wa kufasikhi nikahi kwa kukosa matumizi, nao ni wa Kadhi peke yake. Tukamwandikia waraka wa kumtambulisha kwa Kadhi. Mjomba wake alijitolea kwenda kumsemea. Tulimshukuru, tukamwomba amsindikize tu, akae nje, na binti aingie aeleze mwenyewe.